Kava za Mabuti na Msichana Aliyekataa Kubebwa

Wenzangu mnaobaki chumba cha viatu, Hamisi amenisumbua wiki nzima kwamba nisipande ndege kabla ya kuandika mambo ya kava. Anasema wanaoajiriwa siku hizi wanazivuta kama soksi na kuzitupa kama maganda ya ndizi. Nimekubali. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, mnazijua, na kwa upande wangu hazijazi hata nusu ukurasa.

Nilikuja Doha kuwa mlinzi. Nilisimama kwenye mlango wa hoteli miaka mingi, nikiwafungulia watu ambao hawakuniona na kuwasalimia wengine ambao hawakuitika. Nililala Al Rayyan, chumba kimoja na Wakenya wenzangu na Mganda mmoja aliyeimba usingizini. Kisha tukasikia kuna jumba la maduka Lusail limejenga nyumba ya theluji, na wanatafuta watu wa kugawa mabuti. Nikaenda. Bwana aliyenihoji aliniuliza kama nimewahi kuona theluji. Nikamjibu, kila asubuhi ya utoto wangu.

Sikumdanganya. Nimezaliwa Taveta, na pale ukitoka nje alfajiri kabla ya mawingu, mlima uko mbele yako na kofia yake nyeupe. Mjomba wangu alikuwa fundi wa akala sokoni. Alikata matairi ya magari akayageuza viatu, na mimi nilikaa miguuni pake nikimshikia kisu. Siku moja nilimuuliza, kule juu kweupe kuna nini. Hakuinua kichwa. Aliniambia, "Ile ni mali ya Watanzania. Wewe shika mpira vizuri." Basi nikashika mpira, na mpaka leo sijauachia.

Siku yangu ya kwanza pale Lusail nilikabidhiwa kwa Purna, Mnepali mfupi mwenye masharubu yaliyonyooka kuliko tabia yake. Mlio wageni hamkumkuta, alikwisha rudi kwao, lakini karibu kila mnachofanya kwa mikono yenu mmekirithi kwake. Kabla ya theluji alikuwa akisukuma vitanda hospitalini. Nilidhani mtu wa milimani atanifundisha habari za mlima. Akanipa ndoo, kitambaa, na rundo la vitu vya mpira vyeusi vilivyofanana na ulimi wa ng'ombe, akasema kwa Kiingereza chetu cha Ghuba kwamba kazi yote ya chumba hiki iko hapa. Hizo ndizo kava.

Nieleze kidogo, kwa yule ambaye bado anadhani kava ni pambo. Soli ya buti la skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, si ya kutembelea. Pua yake na kisigino chake vimekatwa kwa kipimo ili viingie kwenye kishikio cha skii, na kishikio hicho kinatakiwa kimshike mtu anapoteleza na kimwachie anapoanguka. Ukiitembeza soli hiyo kwenye vigae na marumaru, kingo zake zinaliwa kidogo kidogo, na siku moja kishikio hakijui kishike wapi na kiachie wapi. Mguu ndio unaolipa. Isitoshe, plastiki ile juu ya kigae chenye maji ni sabuni tupu. Ndiyo maana mteja anavishwa kava hapa kwetu, anavuka ule ukumbi mrefu, anazivua kwenye mlango wa theluji.

Kava huchaguliwa kwa urefu wa soli. Namba ya mguu isikudanganye. Urefu umechongwa ubavuni mwa buti, karibu na kisigino. Inama usome, shingo haitavunjika. Iingize puani kwanza, ikae sawa, kisha uivute mpaka imeze kisigino. Ikiingia kirahisi mno, ni kubwa, na itamtoka mtu katikati ya ukumbi. Chagua ile iliyopinda kidogo chini, kama kitako cha mtumbwi, kwa sababu buti haliruhusu kifundo kukunjika, na ule mpindo ndio unaomsukuma mtu mbele. Zile ngumu za plastiki zikataeni hata mkipewa bure, baridi ikizipiga huwa kama kioo. Na kabla ya kumvika mtu, zigonge pamoja. Mchanga wa mji huu unafika hata kwenye mfuko wa shati ulioshonwa, na ukikaa kati ya kava na soli unasugua kuliko msasa. Kava inayolinda mchanga haimlindi mtu.

Jambo la mwisho alilonifundisha Purna halikuhusu mpira. Mteja mgeni akisimama na mabuti, hutapatapa, na mkono wako unataka kumshika. Purna aliupiga mkono wangu. Akasema hospitalini manesi walimfundisha hivi: anayejifunza kutembea usimshike, maana uzito wake utahamia kwako na miguu yake haitajifunza kitu. Tembea kando yake, upande usio na ukuta, mikono yako ikae nyuma ya mgongo, macho mbele. Akianza kuanguka utakuwa karibu. Asipoanguka, ametembea mwenyewe. Nilifanya hivyo miaka yote, na mgongo wangu umezoea mpaka nikienda sokoni Al Wakrah kununua samaki watu hudhani mimi ni mkaguzi.

Sasa nije kwa Mariam.

Aliletwa na Dorkas, mama wa Bungoma aliyekuwa akimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Familia ni ya Doha hapa hapa, watu wa adabu, na binamu zake Mariam walikuwa wakija kwenye theluji kila wiki. Yeye alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia tangu kuzaliwa, na kiatu chake cha kawaida kilikuwa kimeinuliwa soli na fundi wa hospitali. Kwenye skii hakuwa na taabu kubwa. Mwalimu wake, mtu mvumilivu, alimwekea kipande chini ya kishikio na mambo yakaenda. Taabu ilikuwa ukumbi. Akishavaa mabuti, ile soli ya kuinua ilibaki chini ya benchi, na buti la kushoto lilining'inia. Basi dereva wa familia alimbeba mikononi, mbele ya binamu zake wote, mpaka mlango wa theluji.

Mara ya tatu walipokuja, dereva aliinama kumchukua, naye akang'ang'ania benchi. Akasema kwa Kiswahili, na lafudhi ya Bungoma kabisa, mimi nikageuka nione nani anaongea:

"Mimi sitaki kubebwa! Mimi si kifurushi!"

Dorkas akanitazama. "Mzee, huyu mtoto ameniambia kwa gari, kama ni kubebwa tena, hatakuja siku ingine. Na hii theluji ndio kitu pekee anapenda. Anaamka akiiongelea."

"Na Kiswahili amekitoa wapi?"

"Atoe wapi na ni mimi nilimlea? Hata ugali anakula, lakini usiambie mama yake."

Mariam alikuwa akilia bila sauti. Mimi nina binti Taveta ambaye nilimwacha akiwa na umri ule ule, nikamlea kwa simu, na sikuwahi kuona jinsi anavyolia. Nikapiga goti, nikakiokota kiatu chake cha kawaida chini ya benchi, nikaupima ule unene wa soli kwa vidole vyangu. Nikamwambia, "Nipe wiki moja, mwanangu. Nitakuinulia kava."

Purna aliposikia alinuna. Alisema kava ya kuchezewa ni mguu wa kuvunjika. Lakini hakunikataza, na siku iliyofuata nilimkuta ameniwekea mezani kava moja ndogo ya zamani, akijifanya imejiweka yenyewe. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda karakana moja ya matairi kwenye eneo la viwanda, nikaomba kipande cha tairi lililokufa. Wakanipa huku wakicheka. Nikakaa kitandani Al Rayyan na kisu, uzi mnene na gundi, nikakata tabaka kwa tabaka kama alivyokata mjomba, nikashona chini ya kava. Yule Mganda wetu aliuliza kama maisha yamenishinda mpaka nimerudia akala.

Kitu kilitoka kizuri, nilijivuna kidogo. Purna akasema, jaribu wewe kwanza. Miguu yangu ni mikubwa, lakini nilikuwa nimebaki na tairi la kutosha, nikashona nyingine ya kipimo changu kwa ajili ya jaribio, nikavaa buti kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Purna akamwaga maji kwenye vigae. Nikapiga hatua mbili za mtu mzima, ya tatu nikaipiga na makalio. Chumba kizima kiliangua kicheko, wateja pamoja nao. Akala ni ya udongo na kokoto, jamani. Tairi limetengenezwa kubeba gari zito. Chini ya mtu mmoja kwenye kigae chenye maji halina habari naye.

Purna alininyanyua, akaketi nami. Tabaka za ndani tukaacha tairi, maana halibonyei. Ya chini kabisa tukaibandua, tukaweka mpira laini uliokatwa kutoka kwenye kava kuukuu, tukauchora mifereji ya kukata upande kwa upande ili maji yapate pa kukimbilia. Tukaupinda chini ule mpindo wake. Nikajaribu tena, sikuanguka. Msimamizi akaikagua, akaikubali. Mama yake Mariam alikuja mwenyewe kuiona, akatia mkono ndani kama glavu, akaubonyeza mpira, akasema maneno mawili ya Kiarabu ya kuniombea dua. Nikaitikia amina.

Siku Mariam alipoivaa, alisimama, mabega yake yakakaa sawa, akashangaa mwenyewe. Tulivuka ukumbi, mimi kando yake upande usio na ukuta. Katikati nilichungulia chini kuona kava inavyokaa, akanifokea:

"Mzee, usiniangalie miguu. Angalia mbele."

Nikaangalia mbele. Dereva alikuja nyuma yetu na mikono yake mitupu, hajui aiweke wapi.

Tangu hapo alitembea kila wiki. Kava yake ilikaa kwenye rafu pamoja na zingine, na hapo ndipo penye mkasa wetu, ule ambao Hamisi ananiomba nisiuandike, na ambao ndio sababu naandika.

Hamisi alikuwa ameajiriwa karibuni, kijana wa Kwale, mchangamfu, mswalihina. Mimi nikiwa likizo Taveta, alipewa kupanga rafu na mlango wa theluji. Akapanga vizuri kwa macho yake: kava zote ziwe rundo moja safi karibu na mlango, anayetoka kwenye theluji avae iliyo karibu, ikimtosha basi. Nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa moyo mweupe:

"Mzee wangu, kwani hizi si kama ndara za udhu? Wazikuta mlangoni, wavaa, watia udhu, waziacha. Ndara za msikitini hazina mwenyewe."

Na sikuweza kumlaumu. Hata mimi Mkristo wa Taveta najua ndara za udhu hazina mwenyewe. Nani alimfundisha kwamba hizi zina vipimo? Hakuna aliyemfundisha, kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha sema. Wakati huo Purna alikuwa amekwisha ondoka.

Nilirudi kazini sikukuu ya Idi, watu wamejaa mpaka hewa imekuwa haba. Mariam akaja na ukoo mzima, binamu, shangazi, wageni waliotoka ng'ambo. Wasichana wa rika lake walikuwa wamemngoja, walitaka waingie pamoja, mstari mmoja, wapigwe picha. Akafunga mabuti yake. Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Hakuna kava.

Nilitafuta kwenye rundo, nikatafuta kwenye ndoo, chini ya benchi, kwenye pipa. Binamu wakaanza kuchoka. Shangazi mmoja akatazama saa akamwashiria dereva, na dereva, maskini, akaja akasema taratibu, "Yalla, Mariam." Akafungua mikono.

Mariam akatikisa kichwa. Akawaambia wenzake kwa Kiarabu watangulie. Wakatangulia. Kisha akanigeukia, akasema, "Mimi nitangoja hapa, Mzee. Kama haitapatikana nitarudi nyumbani. Lakini sibebwi."

Dorkas aliketi kando yake akamshika goti. Nilijua kwamba akirudi nyumbani siku ile, hatarudi tena pale, na kitu alichokipenda kuliko vyote kitakuwa kimemtoka kwa sababu ya kipande cha mpira.

Hamisi aliyasikia yote. Uso ulimsawijika. "Mzee," akaninong'oneza, "ile yenye soli nene upande mmoja? Mimi nilidhani ni mbovu, imevimba maji. Ilikuwa pale kwenye rundo, asubuhi. Mtu ameivaa." Akatoka mbio.

Alimpata kwenye ule mkahawa wa chokoleti ya moto, upande wa ndani. Bibi mmoja mfupi, mtalii, mguu wake mdogo kama wa mtoto, ameketi ameshika kikombe na anamlalamikia mhudumu. Alikuwa amezunguka kote, amepiga picha, na anataka mtu aite mhandisi, kwa sababu sakafu ya jumba hili imeinama upande mmoja na kiuno kinamuuma. Mhudumu alikuwa akimkubalia kwa heshima. Hamisi akapiga magoti mbele yake, akamvua kava, akamvika jozi iliyo sawa kwa kipimo, akamwomba asimame. Bibi akasimama, akatembea kidogo, akamshukuru kwa kuinyoosha sakafu haraka hivyo.

Hamisi alirudi anakimbia, kava ameinua juu ya kichwa kama aliyeshinda kombe. Mariam aliichukua, akaigonga kwenye benchi kutoa mchanga, kama nilivyomfundisha, akaiingiza puani, akaivuta mpaka ikameza kisigino. Hakutaka msaada. Akasimama. Hamisi alishika kitambaa akatangulia mbele yetu, amechutama, akifuta maji kwenye kila kigae ambacho angekikanyaga, mpaka mwisho wa ukumbi. Mlangoni tuliwakuta binamu zake wote wamesimama. Hawakuwa wameingia. Walikuwa wamemngoja.

Kesho yake Hamisi alileta kamba. Alifunga kila kava na mwenzake, akagongomea msumari ukutani juu ya meza, akaitundika ile ya Mariam kwa kamba nyekundu. Mnaouliza msumari ule mtupu ni wa nini, ndiyo hiyo habari yake. Na mnaolalamika kwamba Hamisi ni mkali wa vipimo kuliko polisi wa trafiki, sasa mnajua ukali umetoka wapi.

Mariam alikua. Kila buti lilipopanda namba nilimkatia kava nyingine, mpaka akafanyiwa matibabu ya mguu, na tofauti ikabaki kidogo tu. Leo ni msichana mrefu kunipita. Dorkas bado yuko nao, nywele zimeingia mvi kama zangu.

Siku yangu ya mwisho kazini walikuja wawili, na Mariam hakuwa na mabuti. Alikuwa na viatu vyake vya kawaida. Akaniuliza, "Mzee, wewe umewahi kuteleza hata mara moja?"

Nikamwambia niliteleza mara moja, hapo hapo kwenye kigae, amuulize Dorkas niliyemsimulia.

"Hiyo si theluji. Kaa chini."

Nilikuwa nimeifagia theluji ile, nimeikanyaga na viatu vya kazi nikiokota glavu za watu. Lakini kwenda kama waendavyo wengine, na mabuti, sikuwahi. Mwanzoni haikuwa ruhusa, baadaye magoti yakaanza kuniuma kwa baridi ya chumba kile, kisha nikasahau kutaka. Sasa Hamisi alikwisha piga goti mbele yangu, anasoma urefu wa soli ubavuni mwa buti, na msimamizi amejifanya ana simu ya kupokea. Hamisi akagonga kava, akaiingiza puani, akavuta. Nikasimama. Jamani, ukumbi ule ni mrefu! Nimewavusha watu maelfu mangapi sijui, lakini sikujua kwamba ni mrefu vile. Buti la kulia lilinipeleka kando, nikanyoosha mkono nimshike Mariam.

Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Sikushiki, Mzee," akasema. "Twende."

Alihamia upande usio na ukuta. Nikatembea. Mlango ulikuwa wazi mwisho wa ukumbi, na ndani yake ule weupe niliokuwa nikiuona kila alfajiri nyumbani kwetu Taveta. Kando yangu nilisikia hatua zake, moja nzito kidogo, moja nyepesi. Sikumwangalia miguu. Niliangalia mbele.